Nani Alibaki na Nini Mkononi? Miungano ya Miji katika Mediterania ya Kale

Hotuba hii niliitoa mbele ya walimu na wanafunzi wa historia. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Ramani na picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa walimu, wanafunzi, na wageni wote mliofika jioni hii, nawashukuru kwa kunikaribisha na kwa subira yenu.

Naomba tuanzie baharini. Mwaka 478 K.K., wajumbe wa miji ya Wagiriki ya visiwani na ya pwani ya Asia Ndogo walikutana na Waathene katika kisiwa cha Delos, kisiwa kidogo kikavu katikati ya Bahari ya Aegea, ambacho Wagiriki walikiheshimu kuwa mahali alipozaliwa mungu wao Apollo. Waajemi walikuwa wametoka kushindwa, lakini hakuna aliyeamini kwamba hawatarudi. Wajumbe wale wakaapa kuwa na adui mmoja na rafiki mmoja, kisha wakatumbukiza vipande vya chuma baharini, kwa maana ya kwamba kiapo chao kitadumu mpaka siku chuma kile kitakapoelea juu ya maji.

Ni kiapo kizuri, ndugu zangu. Nani asingeguswa nacho? Haikupita hata miaka ishirini, chuma kile kikiwa bado chini ya maji, na Waathene walikuwa wameuzingira mji wa Thasos, mwanachama mwenzao, mpaka wakaubomolea kuta zake.

Sisi tumelelewa na methali isemayo kwamba umoja ni nguvu na utengano ni udhaifu. Siipingi. Lakini mwanafunzi wa historia ana wajibu wa kuuliza swali la pili: nguvu hiyo ni ya nani? Nimekuja na swali moja tu, nalo nitalirudia katika kila mji tutakaoupitia: baada ya kiapo, nani alibaki na nini mkononi?

Turudi Delos. Muungano ule ulihitaji merikebu za vita, zile za makasia zenye wapiga makasia wapatao 170 kila moja. Mji wenye uwezo ulitoa merikebu na watu wake. Mji usio na uwezo, au usiopenda vijana wake wakae baharini kila kiangazi, uliruhusiwa kutoa fedha badala yake. Aristides wa Athene, mtu ambaye Wagiriki walimwita Mwadilifu, ndiye aliyepewa kazi ya kukadiria kila mji ulipe kiasi gani, na jumla ya makadirio yake ya kwanza ilikuwa talanta 460. Talanta moja ya Athene ilikuwa na uzito wa kilo 26 hivi za fedha, kwa hiyo tunazungumzia karibu tani 12 za fedha kwa mwaka. Hatusikii malalamiko juu ya makadirio yale. Wazee wa baadaye waliyakumbuka kama zama za haki. Kila mji, mkubwa kwa mdogo, ulikuwa na kura moja katika baraza la Delos, na kasha la hazina lilihifadhiwa kisiwani hapo hapo, ingawa watunza hazina, tangu siku ya kwanza, walikuwa Waathene.

Basi tatizo liliingilia wapi? Mwanahistoria Thucydides, ambaye mwenyewe alikuwa Mwathene na jemadari, anatoa jibu ambalo kila nikilisoma linanisimamisha. Anasema kwamba lawama ni ya miji yenyewe. Walichoka na safari za vita, wakaona ni nafuu kulipa na kubaki nyumbani. Na fedha zao zikawajengea Waathene merikebu, zikawafundisha vijana wa Athene kupiga makasia, zikawapa mabaharia wa Athene uzoefu wa vita. Na siku mji wowote ulipotaka kujitoa, ulijikuta hauna merikebu, hauna mabaharia, na mbele yake kuna jeshi la majini ambalo uliligharimia kwa mali yake wenyewe. Wahenga wetu walisema mkono mtupu haulambwi. Miji ile iliitoa mikono yake ikiwa mitupu kwa hiari, mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka ilidhani imefanya biashara nzuri.

Mwaka 454 K.K. kasha lenyewe likahamishwa kutoka Delos kwenda Athene, kwa hoja kwamba Waajemi wangeweza kulivamia. Kuanzia hapo, sehemu moja katika kila sitini ya malipo ilitengwa kwa mungu wa kike Athena, na hesabu yake ikachongwa kwenye jiwe refu la marumaru, mji kwa mji na kiasi kwa kiasi. Vipande vya jiwe lile vipo Athene hadi leo. Yupo anayeliona kama rekodi ya hesabu. Mimi naliona kama orodha ya watu walioacha kuulizwa. Miaka saba baadaye ujenzi wa hekalu la Parthenon ulianza, na wapinzani wa Pericles, kiongozi wa Athene, walilalamika ndani ya Athene yenyewe kwamba fedha zilizotolewa kwa ajili ya vita zinaupamba mji kama mwanamke apendaye majivuno. Pericles, kama mwandishi Plutarch anavyotusimulia, alijibu kwamba Athene haidaiwi hesabu na mtu, maadamu inawalinda wanachama. Kwani wao hawatoi farasi, wala merikebu, wala askari, bali fedha tu. Sikilizeni vizuri neno lile: fedha tu.

Na ile miji michache iliyobaki na merikebu zake? Mji wa Mitilene katika kisiwa cha Lesbos ulikuwa miongoni mwao. Uliasi mwaka 428 K.K., ukazingirwa, na mwaka uliofuata ukasalimu amri. Baraza la wananchi wa Athene, likiwa na hasira, likapiga kura kwamba wanaume wote wazima wa Mitilene wauawe, na wanawake na watoto wauzwe utumwani. Merikebu ikatumwa kumpelekea amri jemadari Paches aliyekuwa kisiwani. Usiku ukapita. Asubuhi watu wakaamka na mioyo mizito, wakaitisha baraza tena. Cleon, mwanasiasa wa Athene, akasimama akataka hukumu ile ile. Mwathene mwingine, Diodotus, akasimama kumpinga, na jambo la kusikitisha ni kwamba hakuthubutu kuomba huruma, bali alijenga hoja yake yote juu ya faida ya Athene. Kura zikakaribiana sana, na Diodotus akashinda kwa chache.

Merikebu ya pili ikaondoka, ile ya kwanza ikiwa imeitangulia karibu siku nzima, mchana na usiku. Wajumbe wa Mitilene waliokuwa Athene waliwapa mabaharia divai na unga wa shayiri, wakawaahidi zawadi wakiwahi. Mabaharia wakala huku wanapiga makasia, shayiri iliyokandwa kwa divai na mafuta, wakalala kwa zamu. Upepo haukuwapinga. Merikebu ya kwanza haikuwa na haraka, kwa sababu mabaharia wake hawakuipenda kazi waliyotumwa. Paches alikuwa ameshaisoma amri na yu tayari kuitekeleza wakati merikebu ya pili ilipotia nanga. Mji ukaokoka, ijapokuwa zaidi ya watu elfu moja waliohesabiwa kuwa viongozi wa uasi waliuawa, kuta zikabomolewa na merikebu zikachukuliwa. Nawauliza, je, huu bado ni muungano? Maisha ya mji mzima yalitegemea nguvu za mikono ya wapiga makasia wa mji mwingine na upepo wa siku ile.

Waathene wenyewe waliujua ukweli huu. Walipoanzisha muungano wa pili, mwaka 377 K.K. walichonga kwenye jiwe ahadi kwamba hawataweka askari wala gavana katika mji wa mwanachama, hawatatoza ile kodi ya zamani, na Mwathene hatamiliki ardhi katika nchi ya mwanachama. Kila ahadi katika jiwe lile ni ungamo la kosa la kwanza. Jina la kodi likabadilishwa likawa mchango. Baada ya miaka 20 hivi, baadhi ya wanachama wenye nguvu wakawa vitani na Athene tena.

Sasa naomba tuvuke bahari kuelekea mashariki, hadi kusini-magharibi ya nchi tunayoiita leo Uturuki. Katika Kiswahili tuna neno muungano na tuna neno shirikisho, na wanasiasa wetu wanajua uzito wa kuchagua moja na kuliacha jingine. Wagiriki nao walikuwa na maneno yao: symmachia, yaani kupigana pamoja, sympoliteia, yaani kuwa raia pamoja, na koinon, kitu cha wote. Delos ilikuwa symmachia. Likia, nchi hiyo tunayoiendea, ilikuwa koinon.

Wasomaji wa Matendo ya Mitume wataikumbuka Patara, bandari ambapo Mtume Paulo alibadilisha merikebu, na Mira, mji wa Likia. Hiyo ndiyo nchi ninayoizungumzia: milima inayoshuka hadi baharini, mabonde membamba, na katika kila bonde mji wenye fahari yake. Mwanajiografia Strabo anatueleza jinsi walivyojipanga. Miji 23 ilikuwa na haki ya kura. Miji mikubwa, yaani Xanthos, Patara, Pinara, Olympos, Mira na Tlos, ilikuwa na kura tatu kila mmoja. Ya kati ilikuwa na kura mbili. Iliyobaki kura moja moja. Na hapa ndipo penye akili: michango ya fedha ilifuata kipimo kile kile, na majaji na maofisa walichaguliwa kwa kipimo kile kile. Aliyekuwa na kura tatu alilipa mafungu matatu. Mji mdogo haukudanganywa kwamba uko sawa na Xanthos, wala Xanthos haikuweza kuagiza bila kulipa. Tena baraza lilikutana katika mji wowote waliokubaliana, si lazima katika mji ule ule kila mara.

Mnaona tofauti na Delos? Delos kila mji ulikuwa na kura moja, usawa mtupu, na usawa ule haukuuzuia mji mmoja kumeza wote, kwa sababu kura zilikuwa sawa na merikebu hazikuwa sawa. Likia walikubali tofauti zao, wakaziandika, wakaziwekea mipaka. Warumi waliwakabidhi kwa kisiwa cha Rodo mwaka 188 K.K., nao wakapinga utawala ule kwa miaka 20 hadi Roma ikawaweka huru mwaka 167 K.K. Strabo anawasifu pia kwa jambo lisilo dogo: majirani zao wa Kilikia walipotajirika kwa uharamia, wao, wenye bandari nzuri kwa kazi hiyo, walikataa. Sitawaficha kwamba uhuru wao ulikuwa chini ya kivuli cha Roma, ambayo ndiyo iliyoamua mambo ya vita na amani, na kwamba Kaisari Klaudio aliifanya nchi yao jimbo mwaka 43 B.K. Hata hivyo, katika karne ya 18 mwanafalsafa Montesquieu wa Ufaransa, akitafuta mfano wa shirikisho zuri, aliitaja Likia, na mwaka 1787 Alexander Hamilton, akitetea katiba mpya ya Marekani, akaishika hoja hiyo hiyo. Jengo la baraza la Patara lilifukiwa na mchanga kwa karne nyingi; sasa limefukuliwa na kukarabatiwa, na viti vyake vya mawe vimepangwa nusu duara kama vilivyokuwa.

Ndugu zangu, Wagiriki wa bara hawakukosa jaribio lao la heshima. Kaskazini mwa Peloponnese, rasi ya kusini mwa Ugiriki, kuanzia mwaka 280 K.K., miji minne midogo ya Akaya iliungana tena baada ya muungano wao wa kale kuvunjika. Ingebaki hadithi ya vijiji kama si kijana mmoja. Aratus wa Sicyon alikuwa na miaka saba baba yake alipouawa na waliotwaa madaraka. Akakulia uhamishoni katika mji wa Argos. Mwaka 251 K.K., akiwa na miaka 20, alirudi usiku na ngazi na kundi dogo la watu, akaupanda ukuta wa Sicyon huku mbwa wa mkulima wa jirani wakibweka, na asubuhi mji ukawa huru bila damu ya mtu kumwagika. Kisha akafanya jambo ambalo kwa Mgiriki wa wakati ule lilikuwa gumu kuliko kupanda ukuta: alikubali mji wake, wenye asili na jina lake, uitwe wa Akaya. Mwanahistoria Polybius, aliyezaliwa ndani ya muungano huo, anaandika kwamba Peloponnese ilifikia kuwa na sheria zile zile, mizani ile ile, sarafu zile zile, maofisa na majaji wale wale, hata ikakosa kitu kimoja tu ili iwe mji mmoja, nacho ni ukuta wa kuizunguka.

Mwaka 243 K.K. Aratus aliteka usiku ngome ya Akrokorintho, mlima ulio juu ya Korintho, ambako askari wa Makedonia walikuwa wamekaa kwa miaka mingi. Asubuhi Wakorintho wakajaa katika ukumbi wao wa michezo. Aratus akaingia na silaha zake, amechoka, akasimama ameegemea mkuki, akanyamaza muda mrefu huku watu wanashangilia. Halafu akawapa funguo za malango ya mji wao, ambazo hawakuwahi kuzishika tangu siku za Mfalme Philip wa Makedonia, karibu miaka mia moja nyuma. Nani alibaki na nini mkononi? Wakorintho walipewa funguo za malango. Lakini juu mlimani Aratus aliweka askari 400 wa muungano na mbwa 50 wa kulinda. Lango lilikuwa la Wakorintho. Ngome haikuwa yao.

Miaka 18 baadaye Cleomenes, mfalme wa Sparta, aliitikisa Akaya, na Wakorintho wakamkaribisha. Aratus akaona afadhali amwite mfalme wa Makedonia, Antigonus Doson, na bei ya msaada ilikuwa ngome ile ile. Cleomenes alishindwa vitani mahali paitwapo Sellasia mwaka 222 K.K., na jeshi la Makedonia likakaa tena juu ya vichwa vya Wakorintho kwa karibu miaka 30. Namheshimu Aratus kuliko karibu kila mtu niliyemtaja leo, na kwa sababu hiyo sura hii naisoma kwa uchungu. Alimrudishia mfalme kwa mkono wake kile alichokuwa amemnyang'anya kwa mkono ule ule.

Nimebakiza hadithi moja, nayo inaturusha zaidi ya miaka elfu moja mbele, hadi Italia ya kaskazini, na nimeiweka mwisho kwa sababu inauhusu mji mdogo unaoitwa Lodi. Mwaka 1111 Milano, jirani yake mkubwa, iliibomoa Lodi na kuwatawanya watu wake vijijini. Hatimaye hata soko lao la kila wiki likaondolewa. Mwaka 1153 Mfalme Frederick wa Ujerumani, yule aliyeitwa Barbarossa kwa ndevu zake nyekundu, aliketi barazani katika mji wa Konstanz. Watu wawili wa Lodi waliokuwa huko walibeba misalaba, wakajitupa miguuni pake wakilia kuhusu soko lao. Hakuna aliyewatuma. Frederick alipoandika barua kuikemea Milano, wakubwa wa Milano waliikanyaga, na watu wa Lodi nyumbani wakatetemeka kwa hofu ya yale ambayo wenzao wawili walikuwa wameyaanzisha. Hofu yao haikuwa ya bure, kwa sababu mwaka 1158 Milano ikawabomolea tena. Agosti mwaka huo huo Frederick akawachagulia mahali papya kando ya mto Adda, wajenge upya.

Ilipofika Machi 1162, Milano ikasalimu amri kwa Frederick, na ni majirani zake waliomwomba waibomoe wao. Kila mji ulipewa upande wake: Cremona, Pavia, Como, Novara, na Lodi wakapewa Lango la Mashariki. Mnaweza kuwaza mikono iliyobomoa lango lile ilikuwa na miaka mingapi ya hasira ndani yake?

Lakini maofisa wa Frederick walipoanza kutoza, hawakubagua aliyebomoa na aliyebomolewa. Mwaka 1167 Cremona, ile ile iliyobomoa Milano, iliungana na Bergamo, Brescia na Mantova, na Aprili wakawasindikiza watu wa Milano kurudi na kujenga kuta zao. Wakaiomba Lodi ijiunge, na Lodi ikakataa, maana ingemwachaje aliyeifufua? Wakaizingira. Mwezi Mei Lodi ikaapa, baada ya kusisitiza kwamba uaminifu wake kwa Frederick hautavunjwa na kiapo kile. Siwezi kusema ni muungano ulioanza kwa hiari ya wote.

Hata hivyo tazameni walivyoujenga. Kila mji ulitoa msimamizi wake katika baraza. Kila mji ulibaki na jeshi lake, kuta zake, na maofisa wake wa kuchaguliwa. Mwaka 1168 walijenga mji mpya kabisa, wakauita Alessandria kwa heshima ya Papa Alexander III, adui wa Frederick, na Frederick akauzingira majira yote ya baridi ya mwaka 1174 hadi 1175 asiuweze. Tarehe 29 Mei 1176, huko Legnano, askari wa miguu walisimama kulizunguka gari la ng'ombe lililobeba bendera, wakawazuia wapanda farasi wa Kijerumani, hata Frederick akaanguka kutoka juu ya farasi na kwa siku kadhaa watu wake wakadhani amekufa.

Amani ya mwisho ilitiwa saini tarehe 25 Juni 1183. Miji ilikiri ukuu wa Frederick na kuahidi kumlipa, naye akakiri kwamba itachagua maofisa wake yenyewe, itakuwa na kuta, na itadumisha muungano wake na kuhuisha viapo vyake. Hati ile iliandikwa Konstanz, mji ule ule ambao watu wawili wa Lodi, miaka 30 kabla yake, walijitupa chini na misalaba yao kwa ajili ya soko. Na katika orodha ya miji iliyoruhusiwa kuwa na kuta zake, pamoja na Milano, limo jina la Lodi.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.